Bonds yuko nje, Selig yuko ndani: Je, Jumba la Heshima la besiboli huko Cooperstown linatenda haki?

#1 Mzee wa Takwimu
Wanajamvi, salaam. Tarehe 27 Julai 2025 Ichiro Suzuki aliingizwa rasmi katika Jumba la Heshima la besiboli lililoko Cooperstown, jimbo la New York, akiwa mchezaji wa kwanza kutoka Asia kupewa heshima hiyo. Alipata kura 393 kati ya 394, na tangu matokeo yalipotangazwa watu wamekuwa wakimtafuta mwandishi mmoja aliyemnyima kura yake. Swali langu mimi ni zito kuliko hilo. Barry Bonds, ambaye alipiga homurani (mapigo yanayoutoa mpira nje ya uwanja) 762, idadi isiyofikiwa na mchezaji mwingine yeyote wa ligi kuu, na aliyechaguliwa mchezaji bora wa msimu mara 7, yuko nje. Roger Clemens, mrushaji mwenye tuzo 7 za Cy Young, ile ya mrushaji bora wa msimu, na ushindi 354, naye yuko nje. Bud Selig, aliyekuwa kamishna katika miaka yote ambayo dawa za kuongeza nguvu zilienea miongoni mwa wachezaji, yuko ndani tangu 2017.

Kwa wasioufahamu utaratibu: mchezaji lazima awe amecheza misimu 10 katika ligi kuu na kupumzika miaka 5 baada ya kustaafu. Wanaopiga kura ni wanachama wa Chama cha Waandishi wa Besiboli cha Marekani waliotimiza miaka 10 ya uanachama mfululizo, na kila mmoja anaruhusiwa kuandika majina yasiyozidi 10. Anayepata asilimia 75 anaingia, anayekosa asilimia 5 anafutwa, na anayebaki katikati anarudi kila mwaka hadi miaka 10 iishe. Akishindwa huko, kesi yake inaweza kufikishwa mbele ya kamati ya watu 16.

Dai langu ni kwamba utaratibu huu humwadhibu aliyecheza na kumsamehe aliyesimamia. Naomba hoja, hasa kutoka kwa wasiokubaliana nami.

#2 Kalamu Nzito
Ahsante kwa uzi mzuri, Mzee, lakini sikubaliani nawe hata kidogo. Kanuni ya uchaguzi inamtaka mpiga kura aangalie rekodi ya mchezaji, uwezo wake, uadilifu, uanamichezo, tabia na mchango wake kwa timu zake. Uadilifu umeandikwa humo waziwazi, haukubuniwa na waandishi ili kumkomoa mtu. Bonds alipimwa, akapatikana na dawa na kufungiwa. Mwandishi anayekataa kumpigia kura anafanya alichoagizwa.

#3 Binti Kisauni
Kalamu Nzito, hapo pana kosa la ukweli ambalo ni lazima lirekebishwe kabla uzi haujaenda mbali. Ligi haikuwahi kumfungia Bonds kwa dawa hata siku moja. Alitajwa katika uchunguzi wa maabara ya BALCO, akatajwa tena, pamoja na Clemens, katika ripoti ya Seneta George Mitchell ya Desemba 2007. Mwaka 2011 mahakama ilimtia hatiani kwa kuzuia haki isitendeke, kisha mahakama ya rufaa ikaifuta hukumu hiyo mwaka 2015. Clemens alishtakiwa kwa kulidanganya Bunge la Marekani, na mwaka 2012 baraza la wazee wa mahakama likamwona hana hatia. Waliofungiwa kweli kwa dawa ni watu kama Manny Ramirez, tena mara 2, na Alex Rodriguez, aliyekosa msimu mzima wa 2014.

Sisemi kwamba Bonds ni msafi, maana ushahidi wa mazingira ni mwingi mno na sina sababu ya kuufumbia macho. Ninachosema ni kwamba upo mpaka kati ya kushukiwa na kupatikana na hatia, na waandishi wameuvuka mpaka huo kila mtu kwa kipimo chake.

#4 Kalamu Nzito
Nashukuru kwa marekebisho, dada. Hata hivyo hoja yangu inabaki palepale, kwa sababu jumba la heshima si mahakama na halihitaji ushahidi usioacha shaka yoyote. Heshima haidaiwi kama haki, hutolewa.

#5 Bandari Salama
Kama hutolewa tu, basi David Ortiz aliipewaje? Mwaka 2022, mwaka uleule ambao Bonds aliishia asilimia 66.0 na Clemens asilimia 65.2 katika jaribio lao la 10 na la mwisho, Ortiz aliingia kwa jaribio la kwanza akiwa na asilimia 77.9. Gazeti la New York Times lilikuwa limeripoti mwaka 2009 kwamba jina lake lilikuwamo katika orodha ya waliokutwa na chembechembe za dawa katika vipimo vya majaribio vya 2003. Tofauti ninayoiona ni kwamba Ortiz alipendwa na kila mtu, tabasamu lake lilijulikana Boston nzima, ilhali Bonds aliwanunia waandishi kwa miaka 20. Wale waliokuwa wakinuniwa ndio waliopewa kalamu mwishoni.

#6 Binti Kisauni
Kwa Ortiz nakuomba uwe mwangalifu. Vipimo vya 2003 viliahidiwa kuwa vya siri na havikuwa na adhabu; shabaha yake ilikuwa kupima ukubwa wa tatizo tu. Mwaka 2016 kamishna Rob Manfred mwenyewe alisema hadharani kwamba baadhi ya majibu ya orodha ile yalikuwa na utata wa kisayansi ambao haukuwahi kutatuliwa, na kwamba inawezekana Ortiz hakutumia kitu kilichokatazwa. Tangu vipimo vyenye adhabu vilipoanza mwaka 2004, Ortiz hakupatikana na kosa.

Hilo la kununa nalikubali kwa nusu tu. Steve Carlton alikataa kuzungumza na waandishi kwa miaka mingi, na bado mwaka 1994 walimpa zaidi ya asilimia 95.

#7 Mwalimu Mstaafu
Vijana, mmezama katika dawa kana kwamba besiboli ilianza mwaka 1998, Mark McGwire na Sammy Sosa walipokuwa wakishindana kupiga homurani. Mimi nataka tuutazame huo uadilifu kwa macho ya wale ambao hawakuruhusiwa hata kuingia uwanjani.

Cap Anson, nyota wa karne ya 19 aliyekataa waziwazi kucheza dhidi ya wachezaji weusi na kusaidia kuwafungia mlango, aliingizwa jumbani mwaka 1939. Kamishna Kenesaw Mountain Landis, aliyetawala tangu 1920 hadi kifo chake mwaka 1944, na ambaye katika muda wake wote hakuna mchezaji mweusi aliyecheza ligi kuu, aliingizwa mwaka uleule aliofariki. Tom Yawkey, mmiliki wa Boston Red Sox, timu iliyokuwa ya mwisho kumpokea mchezaji mweusi, na hilo ni mwaka 1959, aliingizwa mwaka 1980. Hakuna mpiga kura aliyesimama na kusema kwamba tabia ya watu hawa inawazuia.

Sasa mtazameni Josh Gibson, mpigaji nyota wa ligi za weusi. Alifariki Januari 1947 akiwa na umri wa miaka 35, miezi mitatu kabla ya Jackie Robinson, mchezaji mweusi aliyeufungua mlango wa ligi kuu, kuingia uwanjani na Brooklyn Dodgers tarehe 15 Aprili. Ilibidi Ted Williams, katika hotuba yake ya kuingizwa jumbani mwaka 1966, atumie dakika zake mwenyewe kuomba kwamba siku moja Satchel Paige na Gibson wapewe nafasi, kwa sababu hawakuwapo pale kwa kukosa fursa tu. Paige akaja kuchaguliwa mwaka 1971, na mpango wa kwanza ulikuwa kumweka katika sehemu ya pembeni iliyotengwa kwa wachezaji wa ligi za weusi. Watu walipaza sauti hadi mpango huo ukabadilishwa. Gibson aliingia mwaka uliofuata.

Kwa hiyo ninaposikia neno uadilifu likisomwa kutoka katika kanuni ya Cooperstown, huuliza kwanza lilisomwa kwa nani, na lilinyamaziwa kwa nani.

#8 Nyota ya Tanga
Shikamoo Mwalimu. Bandiko #7 limenifanya nisimame kidogo kabla ya kuendelea kusoma.

#9 Mzee wa Takwimu
Mwalimu, nakuunga mkono, na ninaongeza jambo ambalo limebadilisha vitabu vya rekodi. Desemba 2020 ligi kuu ilizitambua rasmi ligi 7 za weusi za kati ya 1920 na 1948 kuwa ligi kuu, na Mei 2024 takwimu zake zikaunganishwa na za wengine. Siku hiyo Gibson, kwa wastani wa upigaji (sehemu ya majaribio ya kupiga iliyozaa pigo halali, yaani lililomfikisha mpigaji kituoni) wa .372, alimpita Ty Cobb aliyekuwa ameshika nafasi ya kwanza kwa karibu karne nzima kwa wastani wa .367.

#10 Dodoma Kaskazini
Hapo ndipo ninapotatizika, na naomba nieleweke vizuri kwamba sipingi heshima ya Gibson. Misimu ya ligi zile ilikuwa mifupi, mara nyingi michezo 60 hadi 80 iliyohesabiwa, huku michezo mingi ikiwa ya kuzunguka mijini kwa mapato, ambayo haimo katika hesabu. Je, ni haki kulinganisha wastani wa mtu aliyepiga mara chache zilizoandikwa na wa mtu aliyepiga zaidi ya mara 11,000?

#11 Mwalimu Mstaafu
Ndugu, ufupi wa msimu ulikuwa matokeo ya kufungiwa mlango. Ukilitumia jeraha kuwa hoja dhidi ya aliyejeruhiwa, umemwadhibu mara ya pili.

#12 Dodoma Kaskazini
Ninalikubali hilo kimaadili, lakini kihesabu swali langu halijajibiwa. Mambo haya mawili yanaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja.

#13 Mpwa wa Lugazi
Salaam kutoka Uganda. Mimi hufundisha watoto besiboli, mchezo ambao huku kwetu si mgeni kama wengi wanavyodhani. Mwaka 2012 timu ya watoto kutoka Lugazi ilikuwa ya kwanza kutoka Afrika kucheza katika fainali za dunia za Little League kule Williamsport, Pennsylvania. Nataka kueleza jambo nililoliona kwa macho yangu, kwa sababu linahusiana na swali la mleta uzi.

Katika mashindano fulani ya shule, kamati ya watu watano ilikaa kumchagua mchezaji bora. Takwimu zote zilimwonyesha binti mmoja mrushaji, na kila aliyekuwapo uwanjani alijua hivyo. Zawadi ikaenda kwa mvulana aliyekuwa akifundishwa na mmoja wa wajumbe. Hakukuwa na rushwa, na sidhani kama kulikuwa na nia mbaya. Yule mjumbe alimfahamu kijana wake kwa undani, aliziona jitihada zake za miaka mingi, akazungumza kwa moyo, na wenzake wakaguswa. Binti hakuwa na wa kumsemea chumbani. Tangu siku ile nimeamini kwamba chumba kidogo ni hatari kuliko umati, hata kama kimejaa watu waaminifu.

#14 Bandari Salama
Mpwa, umegusa penyewe, na historia ya Cooperstown inakuunga mkono. Tazama kamati ya wakongwe ya miaka ya 1970, ambamo Frankie Frisch na Bill Terry walikuwa na sauti kubwa. Jesse Haines na Chick Hafey, waliocheza na Frisch huko St. Louis, waliingizwa mwaka 1970 na 1971. George Kelly, aliyecheza na wote wawili katika timu ya Giants, aliingizwa mwaka 1973, ingawa waandishi hawakuwahi kumpa hata asilimia 5. Hata leo, wanahistoria wanapotaja majina dhaifu kuliko yote yaliyomo jumbani, majina hayo hayakosekani.

Wala si mambo ya kale tu. Harold Baines hakuwahi kuzidi asilimia 6.1 kwa waandishi. Desemba 2018 kamati ya watu 16 ilimpa kura 12, zile hasa zinazohitajika, na miongoni mwa wajumbe walikuwamo Tony La Russa aliyekuwa meneja wake na Jerry Reinsdorf, mmiliki wa Chicago White Sox, timu aliyoichezea muda mrefu zaidi.

#15 Shabiki wa Detroit
Nilikuwa msomaji tu, lakini jina la Baines limenitoa mafichoni. Lou Whitaker na Alan Trammell walisimama pamoja katikati ya uwanja wa Detroit kwa misimu 19, kuanzia 1977 hadi 1995, na hakuna jozi nyingine ya aina hiyo iliyodumu muda huo. Trammell alidumu miaka 15 mbele ya waandishi, akaja kuchaguliwa na kamati Desemba 2017. Whitaker alipata asilimia 2.9 mwaka 2001, akafutwa siku hiyohiyo, na hadi leo yuko nje. Nilihamia Michigan nikiwa kijana na mchezo huu nilijifunza kwa kuwatazama wao. Naweza kuapa kwamba umbali kati yao haukuwa huo.

Nani alimdhulumu? Si mtu mmoja aliyemchukia. Ni ile kanuni ya asilimia 5, ambayo mwaka mmoja tu wa macho ya watu kuelekea kwingine unatosha kumzika mchezaji.

#16 Mzee wa Takwimu
Ndugu wa Detroit, karibu, usirudi mafichoni. Kisa cha Whitaker kinafanana na cha Kenny Lofton, aliyeiba besi 622 (yaani kukimbilia kituo kinachofuata kwa kuwavizia wapinzani) na kulinda uwanja wa kati kwa ustadi mkubwa. Aliingia katika karatasi ya kura mwaka 2013, pamoja na Bonds, Clemens, Mike Piazza na Craig Biggio. Waandishi walikuwa wamegawanyika kuhusu dawa kiasi kwamba mwaka ule hawakumchagua hata mmoja, na Lofton akafutwa kwa asilimia 3.2. Kila mpiga kura ana nafasi 10 tu, na kila jina la mtuhumiwa linalorudi mwaka baada ya mwaka hula nafasi ya mwingine.

#17 Kalamu Nzito
Mzee, bandiko #16 linaihukumu hoja yako ya bandiko #1. Ukikubali kwamba wanaotuhumiwa kwa dawa ndio walioziba njia ya Lofton, basi aliyemdhulumu Lofton ni Bonds, si Selig.

#18 Mzee wa Takwimu
Hapana. Njia ilizibwa na aliyeruhusu hali ile itokee na kisha akakataa kutoa mwongozo. Jumba lingeweza kuwaambia waandishi waziwazi kwamba watuhumiwa wahesabiwe au wasihesabiwe. Halikusema lolote lililo bayana, likaacha watu takriban 400 watumie dhamiri 400.

#19 Mama Zawadi
Naomba niwarudishe nyuma kidogo. Mmewazungumzia waandishi kana kwamba wote wana macho sawa, lakini wao ndio pia huchagua mchezaji bora wa msimu, na historia ya tuzo hiyo inaonyesha udhaifu uleule. Mwaka 1947 Ted Williams aliongoza ligi yake kwa wastani wa upigaji, kwa homurani na kwa mikimbio aliyoiingiza, kisha akapitwa na Joe DiMaggio kwa pointi 1, 202 kwa 201. Mwaka 1999 Pedro Martínez alipata kura nyingi za nafasi ya kwanza kuliko Iván Rodríguez aliyeshinda, lakini waandishi wawili hawakumwandika popote katika majina yao 10, kwa sababu waliamini mrushaji hastahili tuzo ile. Wapiga kura wawili tu walibadilisha matokeo kwa falsafa yao binafsi.

Jambo moja nitalisifu: Oktoba 2020 chama hichohicho cha waandishi kiliamua kuliondoa jina la Landis, aliyetajwa na Mwalimu, katika bamba la tuzo hiyo. Bamba lake kule Cooperstown, hata hivyo, bado limetundikwa.

#20 Nyota ya Tanga
Dada Zawadi, hoja ya falsafa binafsi inanipeleka kwenye usiri. Derek Jeter mwaka 2020 alipata kura 396 kati ya 397, na hadi leo hatujui ni nani aliyemnyima moja. Sasa Ichiro naye. Mariano Rivera, mwaka 2019, ndiye pekee aliyewahi kupata kura zote, 425 kati ya 425. Babe Ruth mwenyewe alipata asilimia 95.1, na Willie Mays 94.7. Mwaka 2016 waandishi walipiga kura wenyewe kwamba karatasi zote zichapishwe, na jumba likakataa mwaka uliofuata. Mwenye kalamu ya siri anaweza kumnyima Mays kura bila kuulizwa sababu, na hilo ndilo linalonikera kuliko dawa.

#21 Dodoma Kaskazini
Upande wa pili wa usiri nao una hoja. Mwandishi anayejua kwamba karatasi yake itasomwa na mashabiki usiku uleule anaweza kuanza kupiga kura kwa hofu ya matusi. Kuna waandishi waliotishwa mitandaoni kwa sababu ya jina moja. Kura ya siri ilibuniwa kumlinda mnyonge dhidi ya umati.

#22 Nyota ya Tanga
Kura ya siri humlinda raia anayechagua mtawala wake. Mwandishi wa Cooperstown ni mwamuzi, na mwamuzi hueleza hukumu yake.

#23 Mpwa wa Lugazi
Swali la pembeni kwa Mzee wa Takwimu: Sadaharu Oh wa Japani alipiga homurani 868. Mbona hatajwi?

#24 Mzee wa Takwimu
Kwa sababu kanuni inadai misimu 10 katika ligi kuu za Marekani, na Oh hakucheza huko hata mchezo mmoja wa ligi. Anaheshimiwa katika jumba la Japani lililoko Tokyo. Ichiro alipiga mapigo halali 1,278 Japani kabla ya kuongeza 3,089 Marekani, na rasmi yaliyohesabiwa ni haya ya pili. Kanuni huwa zinalegezwa wanapotaka: Roberto Clemente alifariki katika ajali ya ndege tarehe 31 Desemba 1972 akipeleka misaada Nicaragua baada ya tetemeko la ardhi, na mwaka 1973 aliingizwa kwa uchaguzi maalumu bila kusubiri miaka 5. Nadhani ni moja ya mambo mema kabisa waliyowahi kufanya.

#25 Mwalimu Mstaafu
Clemente aliingizwa upesi, na ilistahili. Wengine wamesubiri hadi kaburini, na kwangu hili la wakati ni dhuluma inayojitegemea. Mwaka 2006 kamati maalumu ilichagua watu 17 wa ligi za weusi, wote marehemu, akiwamo Effa Manley, mwanamke wa kwanza kuingia jumbani. Buck O'Neil, mchezaji na meneja wa Kansas City Monarchs, ambaye alikuwa ametumia nusu ya maisha yake kuisimulia dunia habari za wachezaji hao, hakupata kura za kutosha. Alikuwa na umri wa miaka 94. Julai alisimama Cooperstown akazungumza kwa niaba ya wale 17, kwa furaha, bila neno la uchungu, na Oktoba mwaka uleule akafariki. Walimchagua Desemba 2021.

Dick Allen alikosa kura 1 mwaka 2014. Alifariki Desemba 2020, mwezi ambao kamati ilipangwa kukutana kabla mkutano haujaahirishwa kwa sababu ya janga la korona. Kamati ilipokutana mwaka uliofuata, akakosa kura 1 tena. Akachaguliwa Desemba 2024. Dave Parker alichaguliwa siku hiyohiyo, akafariki mwezi Juni 2025, mwezi mmoja kabla ya sherehe. Nielezeni ni rekodi gani ya Allen iliyoongezeka kati ya 2014 na 2024. Hakupiga mpira hata mmoja zaidi.

#26 Shabiki wa Detroit
Mwalimu, kilichobadilika ni namna ya kupima. Takwimu za kisasa, zinazozingatia ukubwa wa uwanja na ugumu wa zama, zilimwonyesha Allen kuwa bora kuliko ilivyodhaniwa. Ndizo zilizomwinua Bert Blyleven mwaka 2011 katika jaribio la 14, Tim Raines mwaka 2017 katika la 10, na Larry Walker mwaka 2020, naye katika la 10, baada ya kuhukumiwa kwa muda mrefu kwa sababu ya hewa nyepesi ya Denver, ambako mpira huruka mbali zaidi. Kuchelewa si lazima kuwe chuki. Wakati mwingine elimu ndiyo huchelewa.

#27 Binti Kisauni
Elimu haikumchelewesha O'Neil, kaka. Watu wote walimjua.

#28 Bandari Salama
Kuna mtu ataniuliza habari za Pete Rose, kwa hiyo nimtaje mapema. Ana mapigo halali 4,256, mengi kuliko yeyote. Alifungiwa maisha Agosti 1989 kwa kucheza kamari akiwa meneja, na mwaka 1991 jumba likatunga kanuni kwamba aliyefungiwa asiwekwe katika karatasi ya kura. Alikanusha kwa miaka mingi, akakiri mwaka 2004, akafariki Septemba 2024. Tarehe 13 Mei 2025 Manfred alitangaza kwamba kifungo cha maisha hukoma mtu anapofariki, na hivyo Rose na Shoeless Joe Jackson wa kashfa ya kuuza fainali ya 1919 wakafunguliwa njia.

#29 Kalamu Nzito
Kamari ni jambo la tofauti kabisa na dawa. Mtumia dawa anataka kushinda kwa hila. Meneja anayewekea dau michezo ya timu yake anaufanya mchezo wenyewe usiaminike. Jackson angalau ana utetezi: mahakama ilimwachia mwaka 1921, na katika fainali ile iliyouzwa alipiga kwa wastani wa .375. Rose hana utetezi huo.

#30 Mama Zawadi
Jackson alipokea dola 5,000, Kalamu. Wastani wake hauifuti pesa hiyo.

#31 Mzee wa Takwimu
Kabla hatujahamia kwa Jackson moja kwa moja, niwakumbushe kwamba kamati inayopitia wachezaji wa zama za karibuni ilipangiwa kukutana tena Desemba 2025. Mwaka 2022 kamati kama hiyo ilimchagua Fred McGriff kwa kura zote 16, huku Bonds na Clemens wakiambulia chini ya kura 4 kila mmoja. Machi 2025 bodi ya jumba ilipitisha kanuni mpya: mgombea asiyepata angalau kura 5 hatarudi katika mzunguko unaofuata, na likimtokea mara ya pili, hatarudi kamwe. Kwa maoni yangu, kanuni hiyo imeshonwa kwa kipimo cha Bonds.

#32 Dodoma Kaskazini
Au imewekwa ili majina yaleyale yasizibe njia ya wengine, jambo ambalo wewe mwenyewe ulililalamikia katika bandiko #16.

#33 Mwalimu Mstaafu
Dodoma yuko sahihi kuhusu kuziba njia, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi kwa Desemba 2027, wakati kamati ya zama za kale itakapokutana na Rose kwa mara ya kwanza kuruhusiwa kuwekwa mbele yake. Kamati hiyo hupokea majina 8 tu, kila mjumbe huruhusiwa kuchagua 3, na majina ya ligi za weusi humo humo hugombania nafasi hizo 8. Yupo mrushaji anayeitwa John Donaldson, aliyetumia ujana wake wote kuzunguka miji midogo ya Marekani kwa sababu hakukuwa na ligi ya kumpokea. Watafiti wamekusanya kutoka magazeti ya zamani ushahidi wa ushindi wake unaozidi 400. Alikuwamo katika majina 8 ya mwaka 2024, akakosa. Nikiulizwa ni nani apewe nafasi moja kati ya huyo na Rose, sitahitaji muda wa kufikiri.

#34 Shabiki wa Detroit
Mimi nitauhitaji, Mwalimu. Ushindi wa Donaldson dhidi ya timu za vijiji tutaupima vipi mbele ya mapigo 4,256 ya ligi kuu?

#35 Mwalimu Mstaafu
Soma bandiko #11.

#36 Shabiki wa Detroit
Nimelisoma, na nimesoma #12 pia. Leteni orodha ya hizo timu alizozishinda, tuzitazame moja baada ya nyingine.